Kengele na Maji: Mtu wa Utaratibu katika Riwaya ya Entre les eaux ya V. Y. Mudimbe

Riwaya ya Entre les eaux, iliyotolewa na Présence Africaine mjini Paris mwaka 1973, imezoeleka kusomwa kama riwaya ya mapinduzi. Haishangazi. Kichwa chake kidogo kinataja mambo matatu kwa mfululizo: Mungu, padri, na mapinduzi, na msomaji wa chuo kikuu huruka upesi hadi kwenye neno la tatu. Makala haya yanakusudia kurudi nyuma neno moja na kukaa hapo. Padri, kabla hajawa mwalimu wa imani au mtetezi wa maskini, ni mtu ambaye siku yake imekwisha kupangwa naye hajaamka. Saa ya misa inajulikana, saa ya sala inajulikana, rangi ya vazi la Jumapili ijayo inajulikana tangu mwaka uliopita. Riwaya ya Mudimbe inauliza ni nini kinachompata mtu wa namna hiyo siku kalenda yake inapochanika mikononi mwake mwenyewe.

Kisa chenyewe si kirefu. Pierre Landu ni padri Mkongomani aliyesoma Roma hadi kupata udaktari wa teolojia. Baada ya kurejea nchini anahudumu katika parokia ya Kanga, chini ya mkuu wake wa Kizungu, Padri Howard. Anaona jinsi Kanisa analolitumikia lilivyoshikamana na wenye nguvu na mali, na dhamiri yake haimpi usingizi. Hatimaye anaondoka, anaingia msituni na kujiunga na kundi la waasi wafuasi wa Marx. Huko hapokelewi kwa mikono miwili. Barua aliyomwandikia askofu wake inanaswa, naye anahukumiwa kufa kwa kosa la usaliti. Kabla ya hukumu kutekelezwa, jeshi la serikali linaishambulia kambi, na Landu anaponea chupuchupu. Anaanza maisha na mwanamke aitwaye Kaayowa, na maisha hayo nayo hayadumu. Mwishoni yumo katika monasteri ya Wasitersiani, akiwa na jina jipya: Mathieu-Marie de l'Incarnation. Yote haya anayasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, wala si kwa mfuatano wa matukio. Kumbukumbu za seminari na za Roma zinaingilia habari za msituni, na sala za Kilatini zinachomoza katikati ya mawazo ya vita.

Muhtasari huu unaonyesha jambo ambalo usomaji wa haraka hulipita. Landu hupatwa na mabadiliko mengi katika muda mfupi: anabadili makao, wenzake, sheria, mavazi, hata jina. Lakini je, kuna hata moja kati ya mabadiliko hayo linalomgusa ndani?

Kiswahili kinampa mhakiki vifaa vizuri vya kulitazama swali hili, kwa sababu kina maneno kadhaa mahali ambapo Kifaransa huridhika mara nyingi na moja. Desturi ni ya jamii nzima. Mtu huzaliwa akaikuta. Kawaida ni ile ambayo mambo hurudi kwayo baada ya fujo. Utaratibu una mpangaji: kuna aliyekaa akaamua kwamba jambo hili litangulia na lile litafuata. Mazoea ni ya mwili. Hayaamriwi wala hayafundishwi darasani. Huingia mtu akiwa hana habari, na hayatoki kwa amri. Methali inasema mazoea yana taabu, na taabu yenyewe huonekana siku ya kutengana, si siku ya kuzoeana.

Landu anaukubali utaratibu wa Kanisa kwa hiari yake, mbele ya askofu, siku ya kupewa daraja. Kwa miaka, utaratibu ule unageuka mazoea pasipo yeye kutambua. Anapotoka Kanga anaacha utaratibu nyuma yake. Mazoea anaingia nayo msituni. Tofauti hii kati ya kilichoachwa na kilichobebwa ndiyo inayoiendesha riwaya nzima, na asiyeiona humhukumu Landu ama kama shujaa aliyeshindwa, ama kama mnafiki, na hukumu zote mbili zinamkosa.

Nguvu ya mazoea hayo haieleweki bila kukumbuka jinsi yalivyojengwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6 na yenye sura 73, inaigawa siku kwa sala saba za mchana na moja ya usiku. Inaagiza pia kwamba mmonaki asikiapo ishara ya sala aache mara moja chochote alicho nacho mkononi na kukimbilia kanisani. Padri wa parokia si mmonaki, na Landu wa mwanzoni hafungwi na kanuni hiyo. Hata hivyo wajibu wa kusoma sala za vipindi kila siku ulimfunga kila padri, na hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) alizisoma kwa Kilatini, awe Roma, Kwilu au Katanga. Seminari ndogo iliwachukua wavulana wangali wadogo. Kengele iliwaamsha, kengele iliwalaza, kengele iliwanyamazisha mezani. Kijana aliyekaa humo miaka kumi na zaidi hakuhitaji tena kengele, aliibeba kichwani.

Mwandishi aliyajua haya kwa kuyaishi. Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, katika nchi ya migodi. Huko nje ya kuta za misioni kulikuwa na kengele nyingine: king'ora cha kampuni, kilichowapanga wafanyakazi wa kambi kwa zamu kama vile kengele ilivyowapanga waseminari kwa sala. Aliingia seminari akiwa mtoto, kisha akawa kwa muda katika monasteri ya Wabenedikto ya Gihindamuyaga, nchini Rwanda, na akayaacha maisha hayo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alisoma Lovanium, akapata udaktari Louvain mwaka 1970, kisha akafundisha Lubumbashi, ambako Kitivo cha Fasihi cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire kiliwekwa baada ya vyuo vikuu vitatu kuunganishwa mwaka 1971. Riwaya hii ilitoka alipokuwa hapo. Aliondoka nchini karibu na mwaka 1980, akafundisha Marekani, na huko ndiko jina lake lilikoenea kwa kitabu cha The Invention of Africa cha mwaka 1988. Alifariki mwaka 2025. Miaka zaidi ya 30 baada ya kuuacha umonaki alichapisha kumbukumbu zake, Les Corps glorieux des mots et des êtres (1994), na katika kichwa chake kidogo bado anaitaja bustani ya Kiafrika iliyolimwa kwa namna ya Wabenedikto. Mazoea yana taabu, kweli.

Pamoja na hayo ni kosa kuisoma Entre les eaux kama habari ya maisha ya mwandishi. Mudimbe hakujiunga na waasi. Zaidi ya hapo, mwandishi na mhusika wanapishana mlangoni: mmoja alitoka monasterini akiwa kijana akaenda ulimwenguni; mwingine anatoka ulimwenguni, baada ya kuujaribu kwa kila njia, akaingia monasterini. Ni kana kwamba mwandishi alimtuma Landu akafuate hadi mwisho njia ambayo yeye mwenyewe aliiacha katikati.

Sasa msituni. Msomaji hutazamia kwamba mtu wa kengele, akiingizwa porini, ataona fujo. Kinachomkabili Landu si fujo. Kambi ya waasi ina mkuu wake, sheria zake, adabu yake na adhabu yake. Ina maandiko yasiyohojiwa, na ina neno la kumtenga anayehoji. Landu amebadilishana utii kwa utii. Alikuwa chini ya askofu, yuko chini ya mkuu wa kambi. Alikuwa akichunguza dhamiri yake kabla ya misa, sasa wengine wanaichunguza kwa niaba yake. Kwa mtu aliyelelewa na ratiba, hapa pangeweza kuwa nyumbani, na labda ndicho kilichomvuta bila yeye kujua: si fujo ya mapinduzi bali nidhamu yake.

Lakini wenzake wana kitu ambacho yeye hana. Hasira yao imetoka katika maisha: ardhi, kodi, viboko, ndugu waliouawa. Hasira ya Landu imetoka vitabuni na katika sala. Ni hasira ya kweli, na riwaya haimdhihaki kwa hilo. Ila haina mizizi ileile, na wale walioko karibu naye wanaisikia tofauti hiyo upesi, kama vile mzaliwa wa mahali anavyosikia lafudhi ya mgeni. Yeye mwenyewe hawezi kuona tukio bila kulitafutia maana. Mtu akifa, Landu anafikiri juu ya kifo. Akiwa na hofu, anaichambua hofu. Wenzake wanaishi siku. Yeye anaisoma, kana kwamba kila siku ni somo lililowekwa katika kitabu cha ibada, linalosubiri kufafanuliwa. Hapa Mudimbe amemchora kwa ukatili mtulivu mtu ambaye chuo kikuu cha Lubumbashi kilikuwa kikimtengeneza kwa mamia katika miaka ileile: msomi anayewapenda watu wake kwa moyo wote, asiyejua la kuwaambia anapoketi nao.

Barua kwa askofu inapaswa kusomwa katika mwanga huo. Kwa mkuu wa kambi barua ile ni ushahidi, na kwa mantiki ya vita hakosei. Kwa Landu ni jambo dogo zaidi na la ndani zaidi. Padri huwajibika kwa askofu wake, na humweleza. Mkono ulioandika barua ile ni mkono wa mazoea. Mtu aliyeamua kuvunja kila kifungo anaendelea kutoa taarifa kwa mkubwa wake wa zamani, na haoni kwamba kuna lisilopatana. Ndipo neno usaliti linapomwangukia mara ya pili. Mara ya kwanza lilitoka upande wa Padri Howard, aliyeuona uamuzi wa kuondoka kuwa usaliti wa Kanisa. Sasa linatoka kwa waasi. Pande mbili zisizokubaliana juu ya jambo lolote zinakubaliana juu ya Landu.

Ili kuupima uzito wa neno hilo kwa wasomaji wa kwanza, lazima yakumbukwe mambo ya miaka ya 1960, ambayo mwaka 1973 yalikuwa bado mabichi. Mwezi wa Januari 1964 uasi wa Pierre Mulele ulilipuka Kwilu, na mapadri wa Kizungu waliuawa katika misioni ya Kilembe. Mwaka huohuo uasi wa Simba ulienea mashariki, ukauteka mji wa Stanleyville mwezi wa Agosti; wamisionari na watawa wengi waliuawa kabla na baada ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kutua mjini tarehe 24 Novemba. Tarehe 1 Desemba, Isiro, aliuawa Sista Anuarite Nengapeta, ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa mwaka 1985. Wakongomani wenyewe walikufa kwa maelfu mengi, mikononi mwa waasi na mikononi mwa jeshi. Kwa hiyo kumwandika padri anayekwenda kwa hiari yake upande wa waasi hakukuwa mchezo wa mawazo. Kulikuwa ni kugusa kidonda ambacho karibu kila familia ya Kikatoliki ya Kwilu na ya mashariki ilikuwa nacho.

Nje ya Kongo kulikuwa na mfano mmoja uliojulikana. Camilo Torres, padri wa Kolombia aliyewahi kusoma sosholojia Louvain, alijiunga na wapiganaji wa msituni na kuuawa katika mapambano yake ya kwanza tarehe 15 Februari 1966. Wahakiki hupenda kumlinganisha Landu naye. Ulinganisho unafaa hadi mahali fulani. Torres, kabla ya kuingia msituni, aliomba mwaka 1965 kuondolewa majukumu ya kipadri; alifunga mlango mmoja ndipo akafungua mwingine. Landu anataka milango yote miwili ibaki wazi. Anaingia msituni akitaka kubaki padri, tena akiamini kwamba huko ndiko atakakokuwa padri wa kweli. Njia mbili zilimshinda fisi, wasemavyo wahenga. Na fisi alikuwa na njaa tu, hakuwa na udaktari wa teolojia.

Hapo tunafikishwa kwenye maji ya jina la kitabu. Kifaransa kina msemo wa kuogelea kati ya maji mawili, wenye maana ya kukwepa kuchagua upande, na bila shaka jina la riwaya linaugusa. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1991 iliitwa Between Tides, ikaenda upande wa bahari: kati ya maji kujaa na maji kupwa. Msomaji wa pwani, mwenye maneno ya bamvua na maji mafu tangu utotoni, angelipokea jina hilo bila shida. Msomaji wa Katanga hana bahari. Ana Lualaba na Lufira, mito iendayo upande mmoja tu, na kwake kuwa kati ya maji ni kuwa kisiwani, au kuwa katikati ya kivuko wakati mtumbwi unavuja. Mfasiri wa Kiswahili atalazimika kuchagua, maana neno maji lenyewe halionyeshi idadi: halina umoja, na wingi wake hausikiki.

Walakini Kiswahili kinaleta kitu ambacho Kifaransa hakina. Katika vita vya 1964 wapiganaji walinyunyiziwa maji ya dawa yaliyoaminiwa kugeuza risasi, wakaenda vitani wakipiga ukelele wa “Mai Mulele”. Miaka karibu 60 kabla yao, mwaka 1905, wakulima wa kusini mwa Tanganyika waliinuka dhidi ya Wajerumani kwa imani kama hiyo, na vita vyao vikaitwa vya Maji Maji. Padri naye ni mtu wa maji: anabatiza. Landu basi anasimama kati ya maji yanayomfanya mtu kuwa mwana wa Kanisa na maji yanayomfanya kuwa mpiganaji asiyeogopa risasi. Ya kwanza anayatoa bila kujua tena kama anaamini nguvu yake duniani. Ya pili hawezi kuyaamini kamwe, kwa kuwa Roma imekwisha kumfundisha kuyaita ushirikina. Si lazima kudai kwamba mwandishi aliyakusudia yote haya. Inatosha kwamba msomaji wa Kiswahili, akilisikia jina la kitabu kwa lugha yake, hawezi kuzuia maji hayo yasiingie. Na kuna maji mengine, ambayo padri yeyote angeyakumbuka: yale ya ziwa, ambapo mtume Petro alitoka chomboni, akatembea hatua chache juu ya mawimbi, kisha akaona upepo na kuanza kuzama. Jina la mhusika ni Pierre.

Suala la majina lina uzito wake pekee. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi wa Kizaire, serikali ya Mobutu iliwataka wananchi waache majina ya Kikristo. Kanisa lilipinga, na Kardinali Joseph Malula alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa mwaka huo. Mwandishi, aliyebatizwa Valentin, akaitwa Mudimbe Vumbi Yoka. Kitabu kilichotoka mwaka mmoja baadaye kinamwonyesha Mkongomani aitwaye Pierre, ambaye baada ya yote yaliyompata anachukua jina la kigeni zaidi na refu zaidi. Siasa ya wakati ule ilisema kwamba kubadili jina ni kurudi kwenye asili. Riwaya inajibu, bila kupaza sauti, kwamba jina linaweza kubadilishwa mara nyingi na mtu akabaki yuleyule. Hilo ni jibu lisilowapendeza wanasiasa wala maaskofu.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, mtu wa meza na hesabu, ambaye siku moja aliitwa akiwa kazini akasimama na kufuata. Hata mtume aliyechaguliwa hapa ni mtu wa kazi ya kila siku. Sehemu ya mwisho ya jina, kwa Kiswahili cha Kanisa, ni Umwilisho: fumbo la Mungu kutwaa mwili. Anayelibeba ni mtu ambaye kila mara mwili ulipomdai, iwe katika vita, katika hasira, au katika nyumba yake na Kaayowa, alirudi kwenye maneno. Kejeli hii ni chungu.

Sura za Kaayowa hupitiwa kwa haraka na wahakiki wengi, na kwa kweli Mudimbe mwenyewe hamtendei mwanamke huyu haki: anaonekana kupitia macho ya Landu tu, na macho hayo yanajitazama zaidi kuliko yanavyomtazama yeye. Lakini huenda hapa ndipo penye badiliko kubwa kuliko yote. Kanisa na mapinduzi, kila moja lilimpa Landu ratiba. Nyumba haimpi. Hakuna kengele inayosema ni saa gani ya kumpenda mke, wala kitabu kinachopanga maneno ya kusema naye jioni. Mtu aliyestahimili hukumu ya kifo anashindwa na siku ya kawaida isiyo na mpangilio. Riwaya ingeweza kukaa hapa zaidi. Kwamba haikai ni upungufu wake mmojawapo.

Kwa hiyo monasteri. Baadhi ya wasomaji wanaiona kama kukimbia, wengine kama wongofu. Ushahidi wa kitabu unaelekea mahali pengine. Landu haingii monasterini kwa kuwa amepata imani tena, wala kwa kuwa ameikana haki aliyoitafuta msituni. Anaingia kwa sababu hapo mazoea yake na utaratibu wa mahali vinalingana kikamilifu. Wasitersiani huifuata Kanuni ya Benedikto kwa ukali. Saa zote zimejazwa. Hakuna tena nafasi kati ya kengele moja na nyingine ambamo swali linaweza kuingia. Wapo watakaosema kwamba amani ya namna hiyo ni kaburi. Inawezekana. Ila katika kitabu kizima hakuna anayempa Landu amani nyingine yoyote: si Padri Howard, si mkuu wa kambi, si serikali iliyomwokoa kwa bahati tu ilipokuja kuua wengine.

Inafaa kumweka Landu karibu na ndugu yake wa Kiswahili. Mwaka mmoja baada ya Entre les eaux, Euphrase Kezilahabi, ambaye naye alipitia seminari, alitoa Kichwamaji (1974). Kazimoto, msimulizi wake, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao akiwa mgeni, anayefikiri kuliko anavyoishi, na anayesimulia kwa nafsi ya kwanza kama Landu. Hakuna dalili kwamba waandishi hao walisomana, na maji katika majina ya vitabu vyao ni sadfa. Tofauti iko mwishoni. Kazimoto, aliyepoteza desturi za kwao bila kupata utaratibu mwingine wa kuzishika nafasi zake, anajiua. Landu ana mahali pa kurudi. Usomi ulewalevya wote wawili; mmoja tu alikuwa na kengele.

Kwa wanafunzi watakaojaribu kuifasiri riwaya hii, au sehemu zake, kwa Kiswahili, ugumu mkubwa hauko katika istilahi za Marx, ambazo Kiswahili kilizitengenezea maneno zamani, wala katika teolojia, ambayo misale na katekisimu zimeipatia msamiati wa kutosha. Uko katika Kilatini. Landu anapoishiwa na nguvu, lugha inayomjia si ya mama yake wala si Kifaransa cha msimulizi. Ni Kilatini cha ibada, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mwili wake uliifanyia mazoezi kila siku. Msomaji wa mwaka 1973 aliyelelewa misioni aliyajibu maneno yale kimoyomoyo, hata kama hakuyaelewa. Tangu Mtaguso, misa katika majimbo yetu husomwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi, na mwanafunzi wa leo hana sauti hiyo masikioni. Mfasiri akiyageuza maneno hayo kuwa Kiswahili, yataeleweka na kufa. Akiyaacha kama yalivyo, yatakuwa makelele. Njia iliyo salama ni kuyaacha kwa Kilatini pale yanapokuja yenyewe kinywani mwa Landu, na kuyafasiri pale tu anapoyafikiri. Maana katika mahali pa kwanza ni mazoea yanayosema, na mazoea hayahitaji kueleweka.